Vitabu vya Ndoa na Nasaba za Katavi

Kumbukumbu za ndoa za maandishi katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi zilianzia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walijenga boma hapo. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Mapadri hao walikuja na desturi ambayo Mtaguso wa Trento uliipa nguvu ya sheria mwaka 1563: kila paroko aandike katika kitabu maalumu majina ya wanaooana, mashahidi wao, siku na mahali.

Karema ya siku hizo haikuwa kijiji cha ukoo mmoja. Palikuwa na Wabende na Wafipa waliokuwa wenyeji wa ukanda huo, na palikuwa na watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto waliotekwa ng'ambo ya ziwa au bara, wasiojua njia ya kurudi kwao. Walipokua, wamisionari waliwaozesha na kuwapa mashamba katika vijiji vya Wakristo. Mfano unaojulikana sana ni Adrian Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa Algeria, akasomea uganga Malta, kisha akawa katekista na mganga Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa hukohuko Karema, na mwanawe Yosefu akawa padri. Kwa familia za namna hii ndoa ndiyo mwanzo wa ukoo mpya, na anayetafuta asili yake huenda asipate andiko la nyuma zaidi ya hilo.

Thamani ya kitabu cha ndoa ni kwamba kinaunganisha koo mbili kwa mara moja. Andiko lililokamilika hutaja bwana arusi na bibi arusi, wazazi wa kila upande, mahali walikobatizwa, mashahidi na padri aliyefungisha ndoa. Jina la mama wa bibi arusi, ambalo masimulizi ya ukoo wa kiumeni huliacha mara nyingi, hupatikana hapo. Tangu agizo la Papa Pius wa Kumi la mwaka 1907, ndoa iliandikwa pia pembeni mwa jina la mhusika katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo mtafiti anaweza kutoka kwenye ndoa hadi ubatizo wa babu, hata kama babu huyo alibatizwa parokia nyingine.

Vizuizi vya ndoa navyo vina habari. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilizuia ndoa za ndugu hadi daraja la tatu, yaani watu wenye baba wa babu mmoja. Wachumba wa namna hiyo walihitaji ruhusa, na ruhusa ikiandikwa huonyesha undugu ambao wajukuu wameusahau. Ndoa za kimila zilizobarikiwa baada ya ubatizo zinahitaji uangalifu zaidi: tarehe iliyoandikwa ni ya baraka, wala si ya siku mahari ilipotolewa, na huenda watoto wakubwa walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Majina huleta taabu yake. Mapadri wengi walikuwa Wafaransa, na waliandika majina ya Kibende, Kipimbwe au Kikonongo kama walivyoyasikia. Jina moja la ubatizo hurudiwa na watu wengi, na jina la pili linaweza kuwa la mtu mwenyewe wala si la ukoo. Ndiyo maana andiko hupimwa kwa masimulizi ya wazee, hasa kuhusu kijiji, mtemi aliyetawala na ukoo wa mama.

Safari za watu zimetawanya kumbukumbu. Kufikia mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ilikuwa imefika Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, ikaleta wafanyakazi ambao ndoa za wazee wao ziko katika parokia za kwao. Wakimbizi wa Burundi waliofika kuanzia 1972 na kukaa Katumba na Mishamo, wengi wao sasa raia wa Tanzania, wana nasaba zinazoelekea parokia za Burundi, kama Mugera iliyoanzishwa 1899. Jimbo la Mpanda lenyewe liliundwa mwaka 2000 kutoka Jimbo la Sumbawanga, kwa hiyo ndoa ya zamani huulizwa kwanza katika parokia ilikofungwa.

Kwa ndoa za Kiislamu na za kimila, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka utaratibu mmoja wa usajili, lakini nyingi za kabla ya hapo zimebaki katika kumbukumbu za mashahidi. Wazee hao waulizwe na majibu yao yaandikwe wangali hai, kwa kuwa kitabu cha parokia hakiwezi kuziba pengo lao.