Unywele wa Pamba: Kutoka Ukiriguru hadi Maabara

Fulana tunazovaa hapa Columbia, Maryland, zimefumwa kwa nywele. Kila unyuzi wa pamba ni seli moja iliyoota juu ya ganda la mbegu na kurefuka bila kutoa tawi. Majani ya mmea huohuo yana nywele za namna nyingine: fupi, nyingi zikitawanya miale kama nyota. Tumezoea kusimulia pamba ya Usukumani kwa habari za bei na vyama vya ushirika. Nywele hizi tunazisahau, ingawa ndizo zilizoikinga.

Adui alikuwa jasidi, mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu wa jani mpaka kingo zinajikunja, zinageuka nyekundu na kukauka. Katika miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell alichagua mimea yenye manyoya ambayo jasidi hawakuiweza, akapata mbegu ya U4. Mbegu za ukoo huo zilifika Ukiriguru, karibu na Mwanza, zikazaa aina zilizolimwa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1949 Parnell na wenzake walionyesha kuwa urefu na wingi wa nywele ndivyo vinavyomzuia mdudu. Lakini unywele hupataje umbo lake?

Jibu lilianza kupatikana katika gugu lisilo na soko, Arabidopsis, ambalo unywele wake wa jani ni seli moja, kwa kawaida yenye matawi matatu. Mwaka 1994 Martin Hülskamp na wenzake, Ujerumani, walieleza jeni 21 zinazoongoza ukuaji wake. Mwaka 1997 David Oppenheimer na wenzake, Marekani, walitambua kazi ya jeni iitwayo ZWICHEL; ikiharibika, matawi hubaki mawili. Jeni hiyo hutengeneza protini ya jamii ya kinesini, inayoshikamana na mikrotubuli, nyuzi zinazosaidia kuipa seli umbo kama fito zinavyoipa nyumba ya udongo.

Mwaka 2004 watafiti wa China walichukua jeni ya unyuzi wa pamba, wakaipandikiza katika Arabidopsis isiyoota nywele. Nywele zikaota. Gugu na pamba, kumbe, ni ndugu katika jambo hili.

Waliochagua mbegu kwa kutazama na kupapasa majani walikuwa tayari wanachagua jeni, miongo mingi kabla hazijapewa majina. Historia yetu ya pamba na ianzie hapo, kwenye jani.