Mkesha wa Miaka Kumi na Moja

Kwetu mkesha ni wa usiku mmoja. Vijana wanaimba, wazee wanasinzia kwenye mabenchi, alfajiri watu wanakunywa chai na kurudi nyumbani. Waumini wa kanisa la St. Frances Xavier Cabrini, mji wa Scituate, pwani ya kusini mwa Boston, walianza mkesha wao Oktoba 2004 wakaumaliza Mei 2016. Usiku na mchana, kwa zamu, kanisa lisibaki bila mtu hata dakika moja. Waliogopa kwamba likibaki tupu, kufuli zitabadilishwa.

Wengi wetu Boston ya Kikatoliki tunaijua kupitia filamu ya Spotlight, ambayo inaishia pale simu zinapolia mfululizo kwenye chumba cha habari, Januari 2002. Kilichofuata hakijapata filamu yake. Kadinali Bernard Law alijiuzulu Desemba 2002. Mwaka uliofuata Jimbo Kuu lilikubali kuwalipa waathirika zaidi ya 500 wa unyanyasaji dola milioni 85. Halafu Mei 2004 Askofu Mkuu Seán O'Malley akatangaza kwamba parokia 65 kati ya 357 zitafungwa na waumini wake kuunganishwa na parokia jirani.

O'Malley alisisitiza kwamba fedha za makanisa hayo haziendi kwa waathirika. Kwa kazi hiyo aliuza makazi ya askofu mkuu kwa Chuo cha Boston. Sababu alizotoa ni za hesabu: mapadre wamepungua, mabenchi matupu, mapaa yanavuja. Na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Waairishi, Waitaliano, Wajerumani, Wapolandi, kila kundi la wahamiaji lilijenga kanisa la lugha yake, mengine yakitenganishwa na mitaa michache tu. Wajukuu wakahamia pembezoni mwa mji, majengo yakabaki. Huku kwetu Dar es Salaam mambo yanakwenda kinyume: kigango kinajaa, kinakuwa parokia, parokia nayo inazaa vigango vingine.

Lakini hesabu sahihi nayo inategemea nani anaisoma. Watu walioambiwa miaka yote kwamba padri fulani amehamishwa "kwa sababu za afya" sasa wanaambiwa wauamini uongozi uleule kuhusu vitabu vya fedha. Jamani, ungekubali?

Kwa hiyo wakauliza swali ambalo kabla ya hapo hawakuwa na haja nalo: kanisa ni la nani? Sheria ya Massachusetts ilikuwa na jibu tangu 1897. Mali zote za Jimbo Kuu zimeandikishwa kwa askofu mkuu kama shirika la mtu mmoja. Babu aliyetoa senti zake za kiwandani kununua matofali hayumo kwenye hati. Kwetu pia hati haikai kwa jumuiya iliyochangia saruji na bati, ila sisi bado tuko kwenye kufungua, sio kufunga, na swali halijatuuma.

Sheria ya Kanisa ina jibu tofauti kidogo. Parokia ni watu, jengo ni kitu kingine. Kuunganisha parokia hakumpi askofu ruhusa ya kuliondolea jengo utakatifu wake. Kanuni ya 1222 inataka sababu nzito, na hata hapo jengo liende kwenye matumizi ya kawaida "yasiyo ya aibu". Holy Trinity, kanisa la Wajerumani lililoanzishwa 1844, lilifungwa 2008; leo ndani ya kuta zake za mawe kuna nyumba za kifahari za kuuza. Kwa kanuni hiyo, hilo si aibu.

Kuna mtu mmoja namfuatilia katika historia hii: Askofu Richard Lennon, aliyeshikilia jimbo la Boston baada ya Law kuondoka. Alipelekwa Cleveland 2006, na huko akafunga parokia kwa makumi. Waumini wakakata rufaa Roma, na Machi 2012 Vatikani ikatengua uamuzi wake kwa parokia 13, kwa sababu utaratibu haukufuatwa. Mwaka huohuo Boston ikaja na mpango wa pili: parokia 288 ziwekwe kwenye makundi kama 135, kila kundi na paroko mmoja, lakini kila parokia ibaki na jina lake na mali yake. Kufuli hazikutajwa. Naona somo lilikuwa limeingia, ingawa halikuwasaidia Scituate.

Wao walishindwa Roma, wakashindwa katika mahakama za Massachusetts zilizowahesabu kama watu walioingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa. Mei 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza shauri lao. Jumapili ya tarehe 29 mwezi huo walifanya ibada ya mwisho, kanisa likiwa limejaa.