Nani Hununua Chombo Kikuukuu? Meli za Albert Nile na Kumbukumbu ya West Nile

Kila siku katika mji wa Arua makondakta huita abiria wa Kampala. Basi litapita Nebbi, litavuka daraja la Pakwach, litakata Karuma, kisha litaelekea kusini. Abiria wa Koboko huwa wameanza safari yao mapema zaidi, kutoka ule mji unaotazamana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine. Kwa kijana wa leo, West Nile ni nchi ya barabara. Mto Nile kwake ni maji anayoyaona kwa dakika moja kupitia dirisha la basi, pale darajani.

Lakini jina la nchi yetu linatupinga. "West Nile" maana yake ni upande wa magharibi wa Nile. Hilo ni jina la mtu anayeitazama nchi kutoka mtoni au kutoka ng'ambo. Mlugbara aliyekaa milimani Maracha au Mkakwa wa Koboko hakuhitaji kujiita mtu wa magharibi ya kitu chochote. Jina hilo ni la watawala waliokuwa ng'ambo ya mto, nasi tumelirithi bila kuvirithi vyombo vilivyowavusha.

Insha hii inazungumzia vyombo hivyo na mambo yaliyovipata vilipozeeka. Hoja yangu ni kwamba chombo kikuukuu hakiokolewi na umri wake wala na kazi kiliyoifanya. Huokolewa na mtu mwenye sababu ya kukikumbuka na fedha za kukitengeneza. Meli zilizowahudumia watu wa West Nile zimepotea, ilhali boti ndogo ya maji hayo hayo imenunuliwa, imekarabatiwa na inatunzwa Marekani. Tofauti hiyo inatufundisha jinsi historia inavyochaguliwa.

Vyombo vilivyokuja vipande vipande

Albert Nile ni mto uliofungwa pande mbili. Ukishuka nao kuelekea kaskazini, chombo kinasimama Nimule, kwa sababu baada ya hapo kuna maporomoko ya Fola. Ukipanda kutoka Ziwa Albert kufuata Victoria Nile, unazuiwa na maporomoko ya Murchison. Hakuna meli iliyoweza kufika katika maji haya kwa kuelea kutoka baharini. Kila meli kubwa ililetwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Samuel Baker, aliyeongoza msafara wa Khedive wa Misri kuanzia 1870, aliagiza meli za chuma kutoka Uingereza zikiwa zimekatwa sehemu sehemu. Baadaye, chini ya Charles Gordon, vyuma vilibebwa kupita maporomoko hadi Dufile, kwenye ukingo wa magharibi wa mto, katika wilaya ambayo leo inaitwa Moyo. Hapo ziliungwa meli za Nyanza na Khedive. Emin Pasha alizitumia kuunganisha ngome zake mpaka utawala wake ulipovunjika mwaka 1888. Baadhi ya vizazi vya askari wake ni Wanubi tunaoishi nao Arua na Koboko hadi leo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa historia ya ufundi. Mahali ambapo meli huundwa upya ufukweni, lazima wawepo watu wanaojua kulinganisha bamba na bamba, kupasha ribiti moto mpaka iwe nyekundu na kuigonga ingali laini, na kuziba pengo linalovujisha maji. Katika mto huu, kuunda na kukarabati vilikuwa kazi moja.

Gati la Rhino Camp

Baada ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kufariki mwishoni mwa 1909, eneo la Lado lilitolewa mikononi mwa Wabelgiji. Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka mto kutoka Butiaba kwa msafara wa mashua, akapiga kambi kwenye ukingo wa Lado na kuwinda vifaru weupe. Mahali hapo panaitwa Rhino Camp. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa Uganda, na Arua ikaanzishwa kuwa makao ya serikali. Rhino Camp ikawa bandari yake.

Mzigo wa Arua ulipitia hapo. Hapo pia walipitia watu, na hao ndio wanaonigusa zaidi. West Nile iligeuzwa kuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya kusini. Kijana aliyetaka fedha za kodi na mahari alitembea kwa miguu hadi mtoni, akapanda meli hadi Butiaba. Kutoka Butiaba njia iliendelea kwa barabara hadi Masindi na Masindi Port, kisha kwa meli nyingine kupitia Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na mwisho kwa reli hadi Jinja. Mbele yake kulikuwa na mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, au shamba la Mganda mwenye pamba na kahawa.

Safari hiyo ilikuwa pia darasa la lugha. Mlugbara, Mualuri, Mmadi na Mkakwa waliosongamana kwenye sitaha moja hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili cha askari, cha gati na cha kambi za vibarua kilifaa mahali ambapo lugha za nyumbani hazikutosha. Sisi tunaosoma lugha hii darasani tunapenda kutaja kambi za jeshi kama chanzo chake katika West Nile. Sitaha ya meli nayo inastahili kutajwa.

Meli mashuhuri kuliko zote katika Ziwa Albert ilikuwa Robert Coryndon, iliyoundwa na kampuni ya Thornycroft huko Uingereza, ikaletwa vipande na kuunganishwa Butiaba mwaka 1930. Jina lake ni la aliyekuwa gavana wa Uganda. Huko chini mtoni, kati ya Pakwach na Nimule, ilifanya kazi meli iliyoitwa Lugard, na baadaye Lugard II. Zote zilikuwa mali ya shirika la reli. Hili tulikumbuke, kwa kuwa nitalirudia: hakuna familia ya West Nile iliyoweza kusema kwamba meli hizo ni zake.

Mwisho wake ulikuja kwa maji na kwa chuma. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha ziwa, gati la Butiaba likaharibika, na mwaka 1964 Robert Coryndon ikazama bandarini. Mabaki yake yalikaa hapo miaka mingi yakiliwa na kutu. Katika kipindi hicho hicho reli ilifika Pakwach, na baadaye daraja likajengwa. Meli ikizama wakati bado inahitajika, huibuliwa. Hii ilizama wakati ambapo haikuhitajika tena.

Boti ya sinema

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu ya The African Queen, Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Boti inayoonekana humo ni chombo kidogo kilichoundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, kikaitwa Livingstone, na kikafanya kazi za kawaida katika maji ya Ziwa Albert na Victoria Nile. Walipokuwa Uganda, kundi la sinema lililala katika meli iliyokuwa hoteli yao: Lugard II. Kwa muda mfupi vyombo hivyo viwili vilikuwa katika maji mamoja. Kimoja kilikuwa boti ndogo yenye kamera mbele yake. Kingine ni meli iliyojua njia ya Pakwach na Nimule.

Dunia iliikumbuka boti. Miaka ya mwisho ya 1960 ilinunuliwa na kupelekwa Marekani, ikapita katika mikono ya wamiliki kadhaa, ikatelekezwa nchi kavu Florida, na mwaka 1982 ikanunuliwa na mwanasheria mmoja. Alipofariki, mwanawe akairithi. Mwaka 1992 iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya mahali na vitu vya kihistoria, na mwaka 2012 ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi majini Key Largo kubeba watalii. Nchini Uganda nako kuna boti nyingine inayotajwa kuwa ilitumika katika filamu hiyo. Ilipatikana miaka ya 1980 ikiwa gofu karibu na Murchison, ikanunuliwa na kukarabatiwa, na sasa iko upande wa Jinja.

Kununua boti ya namna hii ni kununua bamba za chuma na jina. Fundi huanza kwa nyundo: anagonga bamba moja baada ya nyingine, akisikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya debe. Bamba bovu hukatwa na jipya kutiwa. Boila ya zamani haiaminiki, kwa hiyo hubadilishwa. Kila hatua inazusha swali la kihistoria: tunairudisha boti katika siku gani ya maisha yake? Katika filamu mvuke ulikuwa maigizo. Injini iliyoisukuma ilikuwa ya dizeli, nayo ilifichwa chini ya shehena. Boti ya Key Largo leo inasukumwa na mvuke. Waliokarabati waliirudishia boti sura ambayo watazamaji waliipenda, wakaacha ile ambayo mabaharia wake wa 1951 waliijua. Siwalaumu, kwani kila ukarabati hulazimisha uchaguzi. Ila tusema kweli kwamba kilichookolewa hapo ni sinema.

Ulinganisho na Kigoma unasaidia. Hadithi ya filamu hiyo ilitokana na riwaya iliyochochewa na meli ya kivita ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa kwenye makasha na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao kwanza walizipaka injini grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi walioizamisha walikuwa na nia ya kuirudia, na waliokuja baada yao walikuwa na abiria wa kuwabeba. Mambo hayo mawili, nia na abiria, yaliiweka Liemba majini kwa vizazi. Robert Coryndon ilikosa yote mawili.

Chombo cha familia

Huko Florida boti ilitoka kwa baba ikaenda kwa mwana. Ndiyo maana ilidumu: ilikuwa na mwenyewe. Meli za West Nile zilikuwa na shirika. Shirika lilipobadili njia, hakukuwa na mwana wa kurithi. Kisha mwaka 1979 ukaja na vita, na miaka iliyofuata iliwasukuma watu wengi wa Koboko na Arua kukimbilia Kongo na Sudan. Mtu anayekimbia na watoto na godoro kichwani hafikirii gofu la meli.

Mtu anaweza kunipinga akisema kwamba meli hizo zilikuwa vyombo vya ukoloni, zilizowatoa vijana wetu nyumbani kwenda kulima miwa ya watu wengine. Kwa nini tuzililie? Hoja hiyo ina uzito. Lakini Liemba ilianza kazi ikiwa meli ya kivita ya Wajerumani, na watu wa Kigoma wakaifanya yao kwa kuipanda. Chombo si mali ya aliyekiagiza peke yake. Ni cha waliokibeba vipande kichwani, waliokigonga ribiti, waliolala kwenye sitaha yake wakiwa na njaa. Kukisahau chombo hakuufuti ukoloni. Kunawafuta abiria.

Sipendekezi kwamba wilaya zetu zinunue meli kuukuu. Fedha hizo zina kazi nyingine, na Robert Coryndon hairudi. Ukarabati tunaouweza ni wa aina nyingine, na hauna muda mrefu. Aliyepanda meli Rhino Camp akiwa na miaka 20 mwaka 1960 amepita umri wa miaka 80 sasa. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi anaweza kumuuliza nauli ilikuwa kiasi gani, alilala wapi, waliongea lugha gani sitahani, nani alibaki njiani. Ngome ya Dufile ingali na mahandaki yake ardhini. Rhino Camp, jina ambalo leo husikika zaidi kwa makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini, bado ina ukingo ambapo bandari ya Arua ilikuwa.

Na mtoni kazi haijaisha. Boti za mbao zenye injini ya kufungwa nyuma bado zinavusha watu, samaki na mihogo. Zikivuja zinavutwa nchi kavu, ubao uliooza unang'olewa, mwingine unapigiliwa mahali pake, na mwenyewe anajulikana kwa jina na ukoo. Mafundi hao hawana orodha ya taifa inayowaandika. Tukianza na wao, tutakuwa tumeanza mahali ambapo mafundi wa Dufile walianzia: ufukweni, kwa nyundo, wakiunganisha vipande.