Mstari Mmoja wa Zamu ya Usiku

Machi 2025 ilitimia miaka 20 tangu mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, uue watu 15 na kujeruhi 180. Wengi wanakumbuka moto. Ripoti ya uchunguzi ya 2007, ambayo simulizi hii inaiegemea, ilikumbuka pia daftari.

Daftari la zamu ni la zamani kuliko kompyuta yoyote. Opereta huandika vali aliyoifunga, pampu inayovuja na geji anayoitilia shaka, kisha humwachia mwenzake. Mwaka 1975 Honeywell na Yokogawa walileta mifumo ya kompyuta kwenye vyumba vya udhibiti, joto na presha vikaanza kujiandika kwenye kompyuta. Maneno ya binadamu yalibaki kwenye karatasi. Hata vifo 167 vya Piper Alpha mwaka 1988, ambako taarifa ya vali iliyoondolewa haikuwafikia wa zamu ya usiku, havikuiondoa.

Usiku ule wa Texas City, opereta kiongozi aliujaza mnara wa kutenganishia mafuta kupita kiwango cha geji. King'ora kimoja kililia. Cha pili hakikulia. Akaondoka kama saa 11 alfajiri, saa nzima kabla ya zamu kuisha. Daftarini kulikuwa na mstari mmoja tu: kwamba mafuta kiasi yameingizwa ili kuujaza mtambo. Kiasi gani? Yamefika wapi? Kimya.

Saa 12 akaingia mwenzake, aliyekuwa amefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo. Aliusoma mstari ule akaelewa kuwa mafuta yako mnarani pekee, kumbe hata mabomba yalikwishajazwa. Msimamizi wa mchana alifika saa 1 na robo, akakuta wa usiku hayupo wa kumkabidhi. Mafuta yakamiminwa kwa zaidi ya saa tatu bila kutolewa chini. Mnara ulikuwa na urefu wa mita 52. Geji yake haikuona zaidi ya mita 3 za chini.

Saa 7 na dakika 20 mchana mvuke wa mafuta yaliyofurika ulilipuka. Waliokufa wote walikuwa ndani ya vibanda vya muda vya makandarasi au karibu navyo.

Leo viwanda vingi vina daftari la kidijitali, lenye saa, jina na fomu isiyofungika mpaka ijazwe. Wenye viwanda vya dawa Marekani wana kanuni tangu 1997: anayesahihisha kumbukumbu ya kielektroniki asiifiche ya awali, kama kalamu ilivyopiga mstari juu ya kosa likabaki kusomeka.

Ila wakubwa wengi hununua tableti wakadhani wamenunua makabidhiano. Zamani mvivu alilazimika angalau kuandika "zamu shwari" kwa mkono wake. Sasa anabonyeza mara moja, na shwari ya jana inanakiliwa ilivyo, ikiwa na saa sahihi kabisa pembeni yake.