Kadi ya maegesho: kwa nini watoto wachanga waliachwa nje (Sehemu ya 4)

Juzi tuliongelea mtoto anayeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa bado anatumia oksijeni. Mlioko Uingereza mkaniuliza: ile kadi ya kuegesha sehemu za wenye ulemavu, Blue Badge, mtoto wa miezi sita anapata? Kwa England, ndiyo, akiwa na sababu. Lakini ilichukua miaka mingi kufika hapo.

Mwaka 1969 mbunge wa Manchester, Alf Morris, alipeleka bungeni muswada wake binafsi wa kuwasaidia wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu. Baba yake alilemazwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, akafariki Alf akiwa bado mtoto, kwa hiyo haya mambo aliyaona nyumbani kwao. Sheria ikapita mwaka 1970, na Desemba 1971 kadi zikaanza. Zilikuwa za rangi ya machungwa. Bluu ilikuja 2000 ili zifanane na za nchi nyingine za Ulaya.

Sasa, mtoto aliye chini ya miaka miwili hakuhesabiwa. Ukifikiria harakaharaka utasema sawa tu, kwani kichanga gani anatembea? Si wote wanabebwa! Ila mama anayebeba mtoto, mtungi wa oksijeni na mashine ya kufyonza makohozi, tena peke yake, huyo hamfanani. Na mtoto akibadilika rangi ghafla, gari likiwa mbali ndipo tunapopoteza dakika.

Mwaka 2007 England ikabadilisha kanuni. Mtoto akaingia kwa njia mbili: lazima awe na vifaa vizito vya matibabu muda wote, au lazima awe karibu na gari ili atibiwe humo au akimbizwe hospitali. Baadaye umri ukasogezwa, sasa ni chini ya miaka mitatu. Wenye ulemavu usioonekana, kama baadhi ya watoto wenye usonji, walisubiri mpaka Agosti 2019.

Maombi yanapelekwa halmashauri ya mtaa wako. Na kadi ni ya mtoto, siyo ya gari. Bibi akimpeleka kliniki kwa gari lake, anaitumia. Wewe ukienda sokoni umemwacha nyumbani, iache kwenye droo.