Sikiri: Amana Iliyotufikia kwa Pumzi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ama baad. Ndugu Waislamu, sikiri ni dhikri ya Kiarabu, neno lililolainishwa na ndimi za Wayao. Haina zumari wala kinanda. Ala yake ni kifua cha mwanadamu. Watu husimama pamoja, kiongozi huanza, wenziwe humwitikia kwa pumzi moja, na mwendo hukazwa kidogo kidogo.

Asili yake ni tarika ya Kadiria. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, aliieneza hata Unguja. Wanafunzi wakawapokeza wanafunzi, kutoka pwani hadi Ujiji na Ziwa Nyasa. Nkhotakota ulikuwa mji wenye Waislamu tangu zama za akina Jumbe, katika karne ya 19. Huko mlezi wa tarika alikuwa mwanamke, Shekhe Mtumwa binti Ali bin Yusufu, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1929. Kina mama wengi walimfuata. Basi asiseme mtu kwamba amana hii ni ya wanaume peke yao.

Baadaye ilizuka hitilafu. Wako waliosema kwamba maiti husindikizwa kwa kimya, nao wakaitwa Sukuti; ndugu wakatengana hata misikitini. Sikusudii kuifufua fitina hiyo. Nataka tujifunze jambo moja: kijana aliyepokea sauti bila ya maana hana jibu aulizwapo, na asiye na jibu huona haya, kisha huacha.

Sasa tazameni hali yetu. Tangu kambi ya Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994, katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza, wamekuja Waislamu kutoka Kongo na Burundi, nao wana dhikri na kasida zao. Jina linalotajwa ni lile lile. Lahani ndizo mbalimbali. Lakini wageni wakijifungia na zao, na wenyeji na zao, watoto watabaki na vipande wanavyosikia katika simu. Simu huleta sauti, ila haimwambii mtoto, "Hapa shusha pumzi, na hapa mngojee mwenzio."

Kwa hiyo, enyi wazee wa Dzaleka na wa Area 49, yafaa tuwakalishe watoto pamoja baada ya darasa la Magharibi. Kwanza tuwafundishe maana, kisha adabu, kisha pumzi. Na mabinti wasiachwe nje. Tuwaonye pia kwamba sikiri haichukui nafasi ya Sala, wala haimpi mtu ruhusa ya kumdharau nduguye anayenyamaza.

Waliotutangulia walivuka maporini na maziwani kuileta. Sisi twatakiwa kuvuka barabara tu.

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo. Amin.