Mwitikio wa Sumaku

Mgonjwa wa Usenge akiandikiwa MRI, hupita Bondo kuelekea Kisumu huku akijiuliza: hiyo ni eksirei nyingine? Siyo. MRI haitumii mionzi ya eksirei hata kidogo. Herufi zake tatu hazimwambii hilo, ndiyo maana tunahitaji jina la Kiswahili linaloeleza kazi yenyewe.

Wapo wanaoandika "picha ya mwangwi wa sumaku". Mwangwi ni sauti iliyogonga kitu ikarudi, na hilo hasa ndilo linalofanywa na altrasaundi. Ni kweli kwamba MRI nayo ina mbinu ya mwangwi, iliyogunduliwa na Erwin Hahn mwaka 1950, lakini kiini chake ni kingine. Weka karibu nyatiti mbili zilizolinganishwa sauti, kisha upige uzi wa moja: uzi wa sauti ileile katika ya pili utatikisika bila kuguswa, na mingine itabaki kimya. Uzi ule umeitikia. Kwa hiyo mimi nasema mwitikio wa sumaku.

Anayeitikia mwilini ni haidrojeni, iliyojaa katika maji na mafuta yetu. Kiini cha kila atomu yake ni sumaku ndogo mno. Ndani ya mashine ya tesla 1.5, nguvu inayozidi usumaku wa dunia hapa kwetu zaidi ya mara 30,000, viini hivyo huzunguka kwa kuyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Yakija mawimbi ya redio ya masafa hayohayo, huitikia. Yakija ya masafa mengine, hunyamaza. Mawimbi yakikatwa, viini hutoa ishara huku vikitulia, na kila tishu hutulia kwa mwendo wake: ubongo wenye afya hivi, uliovimba vile. Felix Bloch na Edward Purcell walionyesha mwitikio huo mwaka 1946. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikitofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, ishara hujulikana imetoka wapi, na hapo picha ikawezekana. Yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003.

Sumaku ya mashine hiyo huwaka usiku na mchana, na huvuta chuma. Mvuvi mwenye ndoano mfukoni, au fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kurukiwa na chembe jichoni, lazima aseme kabla ya kuingia chumbani.

Faida ya MRI kwa watu wa ziwani, kama wa Usenge, naiona zaidi katika malaria. Kwa miaka mingi madaktari walibishana kwa nini malaria ya ubongo huua watoto. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, watafiti waliwapiga picha za MRI watoto 168 waliolazwa bila fahamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipopokelewa. Ubongo uliovimba hukandamiza sehemu inayoongoza pumzi. Miongoni mwa walionusurika, karibu robo tu walikuwa na uvimbe kama huo. Kabla ya hapo, mengi kuhusu ubongo wa watoto hao yalijulikana kwa kupasua maiti. Sasa watafiti wangeweza kuuliza swali la maana zaidi: mtoto akisaidiwa kupumua hadi uvimbe upungue, ataokoka?

Kikwazo ni gharama. Mashine kubwa hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzijoto karibu −269, na hudai umeme usioyumba. Ndiyo maana kazi iliyofanyika Mbarara, Uganda, mwaka 2022 inanipa moyo. Katika chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha huko, wahandisi wa Uganda wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha MRI ya tesla 0.05 hivi, kwa sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu. Waliikusudia kwa watoto wenye maji kichwani. Picha zake hazina ukali wa zile za mashine kubwa, lakini daktari anayetafuta mahali maji yalipojikusanya hahitaji ukali wote huo.